Sanduku la plaiwudi la kutagia baji: linavyofaa kwa anayetaka kujua rangi za makinda

Karibu kila anayeuza vifaa vya ndege ana sanduku hili la baji, wale kasuku wadogo wa kufugwa: plaiwudi, la kulala, urefu wa sentimita 25 hivi, upana na kimo sentimita 15, tundu la kuingilia upande mmoja, kibonde cha mayai upande wa pili, kifuniko juu. Halina jina linalojulikana, watengenezaji wanaigana tu. Mbele ya sanduku la kusimama, la plastiki, la karatasi ngumu au kifuu cha nazi, hili ndilo la kununua. Ila usilining'inize kama lilivyotoka dukani.

Mfugaji anayetaka tu makinda wakue salama ataridhika nalo upesi. Anayetaka kujua kila kinda ni rangi gani, na ameitoa kwa mama au kwa baba, ana swali gumu zaidi la kuliuliza sanduku: je, ninaweza kumwona kinda vizuri siku ile ile aliyoanguliwa, kisha siku chache baadaye, bila mama yake kurukaruka juu ya mayai? Dalili kadhaa za rangi huonekana kwa siku chache tu. Zikipita, utasubiri manyoya, na mengine utasubiri miezi.

Tuanze na mlango, kwa sababu ndipo sanduku la kawaida linaposhindwa. Kifuniko cha juu kikifunguliwa, mwanga na mkono vinamjia jike kutoka juu, kama mwewe. Wengine hujibana kwenye kona na kukaa kimya. Wengine hukurupuka, na ukucha mmoja ukigusa yai la siku tano, yai limetoboka. Toleo lenye mlango wa ubavuni, wenye bawaba chini, ni bora mara nyingi zaidi. Hakikisha nyuma ya mlango pana kizingiti kisichopungua sentimita 5, la sivyo ukifungua, kinda wa wiki mbili atadondoka kabla hujamwona. Kama umepata la kifuniko cha juu pekee, kata ubavu wa nyuma nusu ya juu, uufunge bawaba mbili ndogo na kishikizo. Kazi ya nusu saa kwa msumeno mwembamba.

Kuna matoleo yenye kamera ndani. Kwa kuhesabu mayai na kuona kama jike ameatamia, zinafaa. Kwa rangi hazina kazi: gizani kamera hizo hupiga kwa mwanga usioonekana kwa macho, na picha hutoka kijivu. Jicho jekundu na jicho jeusi yataonekana ya rangi moja.

Jicho ndilo la kwanza kutazamwa. Kinda wa baji huanguliwa baada ya siku 18 hivi za kuatamiwa, akiwa uchi na macho yamefumba, lakini ngozi ya kope ni nyembamba na rangi ya jicho huonekana chini yake. Likiwa doa jeusi, kinda haonyeshi jeni inayofuta weusi wa macho. Likiwa jekundu au waridi, ni lutino (njano tupu), albino (mweupe tupu), felo au lesiwingi (wote wawili wenye bawa la kahawia), na siku hiyo huwezi kusema ni yupi kati yao. Likiwa na rangi ya zambarau iliyoiva, si nyekundu si nyeusi, huyo ni sinamoni. Hili la mwisho ndilo linalowaponyoka wengi, kwa kuwa jicho la sinamoni huendelea kukolea, na baada ya wiki moja hivi utaliona jeusi kama la wenzake. Ukilikosa, itakubidi ungoje mabawa yaonyeshe michirizi ya kahawia mahali pa mieusi.

Tumia tochi ya mwanga mweupe. Mwanga wa njano hulifanya jicho la zambarau lionekane jekundu, na baadaye huichafua bluu hadi ifanane na kijivu.

Kwa kuwa baji hutaga yai moja kila baada ya siku moja, na jike huanza kuatamia mapema, makinda nao huanguliwa kwa kupishana siku mbili. Kwa mayai matano au sita, mkubwa anaweza kuwa na siku kumi huku mdogo ndiyo kwanza anatoka. Kwa hiyo ukaguzi ni wa kila siku kwa karibu wiki mbili, saa ile ile, jike akiwa ametoka kula au kunya asubuhi. Gonga sanduku kidogo kabla ya kufungua, umalize ndani ya dakika moja. Sanduku lisilokuruhusu kufanya hivyo linakufungia wiki muhimu kuliko zote.

Sasa sakafu. Kibonde kinachofaa kina upana wa sentimita 10 hadi 12 na kina cha sentimita moja na nusu hadi mbili. Masanduku mengine huja na sakafu bapa, na hayo yaache dukani: mayai hutawanyika, na makinda, wakilaliwa na mama bila kitu cha kushika, miguu yao hupanuka kando. Mguu uliopanuka hurekebishika ukiuwahi wiki mbili za mwanzo, kwa kuifunga miguu miwili pamoja kwa utepe laini, ikiwa na nafasi yake ya kawaida katikati. Wiki ya tatu mifupa imeshakaza na matumaini ni madogo. Hata kibonde chenyewe mara nyingi huchongwa kikateleza kama sahani. Kipitishie msasa mkali, namba 60, hadi kucha zipate pa kushika.

Kibonde kiwe kipande cha kutoka, si cha kugundishwa. Nunua viwili kwa kila sanduku. Makinda wakifika wiki mbili kinyesi huwa kingi. Unawahamishia kwenye bakuli lenye kitambaa, unabadilisha kipande, unawarudisha, na kile kichafu kinakwanguliwa na kukaushwa juani. Juu ya kibonde weka maranda ya msonobari ambayo hayakutiwa dawa, kina cha sentimita 2 au 3. Jike atayatupa nje, yote au nusu yake. Ndivyo walivyo, usishindane naye mpaka makinda wawe kadhaa, hapo ndipo uongeze. Maranda ya mwerezi usiyatumie, mafuta yake huwasha njia ya hewa. Unga wa mbao nao ni mwembamba mno, huingia puani.

Kuhusu unene wa mbao, chini ya milimita 9 ni hasara. Plaiwudi ya milimita 4 hutafunwa ukingoni mwa tundu hadi tundu likawa dirisha, na joto la ndani hupanda na kushuka kufuata la nje. Tundu liwe la sentimita 4.5 hadi 5, mbali na kibonde, ili jike aingie, akanyage sakafu, kisha atembee hadi kwenye mayai. Hapa ndipo sanduku la kusimama linapokosea: jike hujirusha kutoka juu, na mayai yanakanyagwa. Matundu ya hewa manne ya milimita 6, juu karibu na kifuniko, yanatosha. Ndani pasipakwe rangi wala vanishi.

Siku ya tano hadi ya kumi mambo mawili huja pamoja: pete na manyoya ya utotoni. Pete isiyo na kiungo, ya kipenyo cha ndani cha milimita 4 na kidogo, hupita vidole viwili vya mbele vikiunganishwa, kisha hushushwa juu ya vile viwili vya nyuma. Ikivuka kirahisi sana na kutoka tena, rudi kesho. Bila pete, kumbukumbu zote za macho hazina maana, kwa kuwa wiki moja baadaye hutajua yupi alikuwa yupi. Kabla ya pete, weka alama ndogo ya kalamu ya wino usio na sumu mgongoni na uirudie kila ukaguzi. Majike wengine huing'ang'ania pete wakidhani ni uchafu. Tazama mguu siku mbili zinazofuata.

Manyoya ya utotoni ya baji wa kawaida ni kijivu. Yakiwa meupe, kwa mwenye macho meusi, fikiria opalini au spango mwenye jeni mbili, yaani aliyeirithi kwa baba na kwa mama. Baada ya hapo mirija ya manyoya huchomoza kwenye mabawa na mkia, na wiki ya tatu rangi ya mwili imeshajieleza. Opalini ana mgongo wenye rangi ya mwili, bila michirizi mizito kati ya mabega. Spango mwenye jeni moja ana manyoya ya bawa yaliyo mepesi katikati na yaliyozungushiwa uzi mweusi. Mwenye jeni mbili ni mweupe au njano tupu, na watu humwita albino au lutino. Jicho lake jeusi humaliza ubishi. Na katika lile kundi la macho mekundu, lesiwingi atatoa michirizi hafifu ya kahawia kwenye bawa, felo atabaki na rangi ya mwili na bawa la kahawia, na lutino atakuwa njano tu.

Kijivu na movu (bluu iliyokoza hadi kukaribia kijivu) hukosewa sana. Usitazame kifua, tazama mabaka ya shavuni na mkia. Kijivu ana shavu la fedha na mkia mweusi, movu ana shavu la zambarau na mkia wa bluu nzito. Kipimo hicho hicho hutenganisha kijani-kijivu na olivi (kijani iliyokoza).

Hapa jicho la siku ya kwanza hulipa mara ya pili, kwa kutaja jinsia. Jeni za lutino na albino, sinamoni, opalini na lesiwingi hukaa kwenye kromosomu ya jinsia, ambayo dume anazo mbili na jike anayo moja. Ukimpandisha dume lutino kwa jike wa kawaida, kila kinda mwenye macho mekundu ni jike, na kila mwenye macho meusi ni dume aliyebeba jeni hiyo bila kuionyesha. Umejua jinsia kabla ya unyoya wa kwanza, wakati ngozi ya pua, ambayo kwa wakubwa hutofautisha dume na jike, haisomeki kabisa. Geuza jozi, jike lutino kwa dume wa kawaida asiyebeba, na makinda wote watatoka na macho meusi. Madume peke yao ndio watakaobeba. Jike habebi jeni hizi kwa siri: ama anazionyesha ama hana. Anayekuuzia “jike aliyebeba albino” hajui anachouza.

Matokeo yakikataa hesabu, shuku jozi kabla hujashuku jeni. Jozi ya bluu kwa bluu haizai kijani. Akitokea, kuna dume mwingine au jike mwingine ametaga humo, jambo la kawaida pale jozi nyingi zinapokaa kizimba kimoja. Tahadhari moja: baji wa bluu mwenye uso wa njano anaweza kuwa na njano inayosambaa mwilini baada ya kupukutisha manyoya ya kwanza, miezi mitatu au minne, akaonekana kijani cha bahari. Huyo bado ni wa ukoo wa bluu. Kijani kwa kijani wakizaa bluu, hapo hakuna lawama, wote wawili walikuwa wameibeba.

Rangi zilizosalia huliacha sanduku nyuma. Madoadoa fiche (mabaka ambayo hujitokeza tu kinda akirithi jeni yake kwa wazazi wote wawili), kwa mfano, huthibitishwa na jicho lisilopata duara jeupe kuzunguka mboni, na duara hilo kwa baji wengine huja wakiwa na miezi kadhaa. Andika kwenye kadi “huenda”, uachie hapo.

Dosari ya mwisho ya sanduku la mbao ni utitiri. Hujificha kwenye maungo mchana, hutoka usiku kunyonya makinda. Telezesha karatasi nyeupe chini ya kibonde jioni, uitazame alfajiri. Vidoa vyekundu vinavyotembea ndivyo hivyo. Masanduku yaliyopigwa pini za stapla hayafunguki, na maungo yake hayasafishiki. Tafuta la skrubu, ulivunje baada ya kila uzao, limwagiwe maji yanayochemka na likae juani hadi likauke kabisa. Kwa sababu hii plastiki ina watetezi wake. Inaosheka, ni kweli, lakini hutoa jasho kwa ndani, na maranda yakilowa yananuka ndani ya siku moja. La karatasi ngumu ni la uzao mmoja, kisha motoni. Kifuu cha nazi hakina mlango wa kukagulia, basi.

Ukishafungua kila siku, tazama pia ndani ya mdomo wa juu: chakula kikiganda pale, mdomo wa chini hukua ukaupita wa juu. Kitoe kwa kijiti butu. Kinyesi kilichokauka vidoleni kiloweke kwa maji ya uvuguvugu hadi kilainike. Ukikivuta, ukucha unakuja nacho.

Makinda hutoka kati ya siku ya 30 na ya 35, na dume huendelea kuwalisha wiki moja au zaidi. Jike akianza yai la uzao wa pili kabla hawajatoka, wahamishe wakubwa na baba yao kwenye sakafu ya kizimba, wawe na kisanduku bapa cha kujificha. Uzao wa pili ukiisha, sanduku litolewe kabisa. Likibaki, jike atataga la tatu hata kama mwili hauna kalsiamu, na yai lisilo na gamba gumu hukwama tumboni.