Mtaalamu wa lishe Upper Hill: ninacholipia na nilichopata

Wenzangu wa chama wananiuliza kama ni kweli ninalipa mtu aniambie nile nini, ilhali WhatsApp imejaa ratiba za bure na chai za kukata kitambi unazoletewa na bodaboda hadi mlangoni. Ni kweli nalipa. Acha nieleze ninacholipia, kwa sababu nawaona wanawake wengi hapa Nairobi wakiumizwa na vitu vinavyouzwa kama tiba.

Chai yenyewe naijua. Tuliinywa mimi na dada yangu, na ukisoma maandishi madogo ya pakiti unakuta majani ya sena. Sena ni dawa ya kufungua choo. Inachochea utumbo mpana, na chakula kikifika huko, sehemu kubwa ya nguvu yake imeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na choo, mafuta ya mwilini hayaguswi. Tumbo lilipungua kweli na mizani ikashuka, dada akawa anashikwa na kizunguzungu akiwa kazini, na tulipoacha kuinywa kilo zote zikarudi.

Jirani yangu wa Umoja yeye alipata karatasi ya keto, mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana, akaifuata: hakuna ugali, hakuna chapati, hata maharagwe alinyimwa. Wiki ya kwanza alipungua hadi sketi zikamlegea, na mtaa mzima ukataka ile karatasi. Mtaalamu wangu ndiye aliyenieleza siri ya wiki hiyo. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika, maji yanatoka, mizani inashuka. Keto yenyewe ina historia ya heshima: madaktari wa Mayo Clinic kule Marekani waliianzisha mwaka 1921 kutibu kifafa, na hadi leo wapo watoto wanaotibiwa nayo chini ya uangalizi wa hospitali. Kinachonikera ni kuona karatasi moja ikitumwa kwa watu wote, mwenye figo mbovu na anayemeza dawa za sukari wakiwemo. Mtu wa dawa za sukari akikata chakula bila daktari kurekebisha dozi, sukari inaweza kushuka hadi azimie.

Mimi nilipelekwa na presha. Ilikuwa imepita 140/90 kila nilipopimwa, na daktari akataka nionane na mtaalamu wa lishe. Nilidhani nitaelekezwa moja kwa moja kwenye mizani. Kwanza aliniuliza: “Hebu niambie, dada, jana tangu uamke ulikula nini?” Tukaenda kikombe kwa kikombe hadi usiku, pamoja na mandazi ya saa nne ambayo mtu huwa hayahesabu. Kisha akanipa chupa ya maji na sufuria tupu, akaniambia nimimine kama ninavyomimina mafuta nikikaanga sukuma. Nikamimina. Akayachota yale maji kwa kijiko kikubwa, kimoja kimoja, hadi vitano. Kijiko kimoja cha mafuta kina kalori karibu 120, kwa hivyo hapo palikuwa na kama 600 kabla sukuma haijaingia. Hakunikaripia. Aliuliza tu chakula hicho tunakula watu wangapi, akaandika.

Ratiba ya kwanza aliyonipa sikuipenda, na nasema wazi. Ilichapishwa kutoka kwenye kompyuta, ina samoni, brokoli na lozi, vyakula ambavyo mama mboga wangu hana na mfuko wangu hauwezi. Nilimrudishia. Alikubali bila kununa, tukaiandika upya kwa kalamu: nusu ya sahani mboga, iwe managu, terere au kunde, ugali wa kadiri ya ngumi yangu, halafu ndengu, maharagwe au omena. Sukari ya chai tukaipunguza polepole. Chumvi ndiyo iliyokuwa ngumu. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na mimi nilikuwa natia chumvi kisha naongeza viungo vya pakiti ambavyo navyo vina chumvi tele.

Uzito umeshuka taratibu. Wiki nzuri ni nusu kilo, na ziko wiki ambazo mizani haisogei kabisa. Yeye hufuatilia zaidi kiuno, kwa sababu kwa mwanamke kupita sentimita 80 huongeza hatari ya magonjwa ya moyo na kisukari. Changu bado kimepita hapo lakini kinapungua, presha imetulia, na sijalala njaa hata usiku mmoja.

Kasoro zipo. Ukipewa saa tatu, tarajia kuingia saa nne. Kila kikao ni shilingi 2,500, na bima yangu ilikataa kulipa. Pia, kabla hujatuma M-Pesa kwa yeyote, muulize leseni. Hapa kwetu wataalamu wa lishe husajiliwa na taasisi ya KNDI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, na mwenye leseni haoni tabu kukuonyesha. Muuzaji wa ile chai nilimuuliza, akaniblok.

Dada yangu hawezi bei ya kliniki ya kibinafsi, kwa hivyo daktari alimwandikia rufaa aende kitengo cha lishe cha hospitali ya umma. Foleni ni ndefu na inabidi afike alfajiri, lakini amepimwa sukari na presha, ameulizwa maswali yaleyale niliyoulizwa mimi, na ratiba aliyopewa ina githeri.