Spika za chumba kidogo: ipi ununue Mtwara na Lindi, ipi uiache dukani

Minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba, maduka ya vifaa vya umeme Mtwara mjini, Masasi na Lindi hupanga makasha ya spika hadi nje ya mlango. Inaniuma mtu akitoa fedha ya mavuno kununua spika tano ambazo zote zinasema kitu kimoja. Kwa hiyo nimezipanga, kuanzia ninayoipendekeza hadi ninayokuomba uiache, nikifikiria chumba tunachokijua sote: futi kumi kwa kumi, kochi limegusa ukuta wa nyuma, soketi moja au mbili, dirisha wazi kwa ajili ya joto.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize unatazama nini. 5.1, namba unayoiona kwenye makasha, maana yake ni njia sita za sauti: kushoto, kulia, katikati, mbili za pembeni (ndizo huitwa za nyuma) na moja ya besi. Njia hizo lazima ziwemo ndani ya filamu yenyewe. DVD nyingi halisi zinazo, na filamu nyingi za huduma za kulipia mtandaoni pia. Filamu zilizotafsiriwa, zile za kujaziwa kwenye flashi, mara nyingi zina njia mbili tu, tena sauti ya mtafsiri imelazwa juu ya kila kitu. YouTube nayo kwa sehemu kubwa ni njia mbili. Kama jioni zako ni mpira na filamu za kutafsiriwa, spika za nyuma zitakosa kazi.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa saundibaa ya 3.1, spika ndefu ya kulala chini ya TV, yenye spika ya katikati na sabufa yake, yaani spika ya besi, pembeni. Njia ya katikati ndiyo inayobeba maneno ya watu, na katika chumba kidogo chenye feni inayozunguka, maneno ndiyo hupotea kwanza. Inakaa chini ya TV, haidai nafasi nyuma, na waya mmoja wa HDMI unatosha. Geuza TV yako kwanza uone kama kuna tundu la HDMI lililoandikwa ARC, yaani linalorudisha sauti ya TV kwenye spika, ulipige picha na simu uende nayo dukani. Ukipata saundibaa inayokubali kuongezewa spika za nyuma baadaye, chukua hiyo hata kama imezidi bei kidogo.

Ya pili ni 5.1 ya kweli yenye spika ndogo. Kwa sauti tupu inaishinda ya kwanza, ila inataka mtu mwenye uhuru wa kusogeza kochi na kupiga misumari ukutani, na wapangaji wengi hawana uhuru huo. Spika zinazoitwa za nyuma haziwekwi nyuma kabisa. Mahali pake ni pembeni, zimerudi kidogo nyuma ya masikio, nyuzi 110 hadi 120 kutoka katikati ya skrini, na zimeinuliwa juu kidogo ya kichwa. Kochi lisogee mbele kutoka ukutani, hata nusu mita. Spika mbili za mbele ziwe usawa wa masikio. Ukikaa futi saba kutoka kwenye TV, zitenganishe futi sita hadi saba. Na kasha likisema za nyuma hazina waya, mara nyingi ni waya wa sauti tu ndio haupo. Umeme bado zinautaka, kwa hiyo hesabu soketi kabla hujalipa.

Amplifaya ya mtumba yenye spika za kuunganisha mwenyewe naiweka ya tatu, na kwa fundi mwenye subira ningeipandisha. Soma kibati cha nyuma. Umeme wetu ni volti 230. Mashine iliyotengenezwa kwa matumizi ya Japani husomeka 100, ya Marekani 120, na ukiichomeka moja kwa moja inaungua palepale. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kisha bonyeza taratibu ukingo wa kila spika. Ukingo wa sponji huoza kwa umri na unyevu, wa mpira unadumu zaidi.

Sabufa ya kawaida, yaani seti nzima ya spika mbili au tatu, ni ya nne, na mwenye bajeti ndogo asione haya kuichukua. Kwa taarabu, singeli na mpira inatosha kabisa.

Ya mwisho ni sabufa iliyoandikwa 5.1 huku nyuma yake kuna matundu mawili tu, jekundu na jeupe, pamoja na flashi na Bluetooth. Matundu hayo mawili hupitisha njia mbili. Hapo spika tano zinagawiwa nakala ya sauti ileile, na taa za rangi haziongezi chochote. Ya kweli itakuwa na HDMI ARC, au tundu la OPTICAL, au matundu sita ya kuingizia sauti, na itataja Dolby Digital au DTS, mifumo ya kubeba sauti ya njia nyingi. Usibabaishwe pia na wati elfu kumi za PMPO, namba ya matangazo ya nguvu ya kufumba na kufumbua. Tafuta RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo, kisha soma kibati kinasema mashine inakula wati ngapi: inayokula wati 60 haiwezi kutoa 1,000 mfululizo.

Besi inahitaji uangalifu wa pekee. Katika chumba cha mita 3 kwa 3, mawimbi ya besi ya karibu hezi 57 (mitetemo 57 kwa sekunde) hujirundika kati ya kuta, na kwa kuwa pande zinalingana, yanajirundika kwa urefu na kwa upana. Ukisukuma sabufa konani unazidisha. Itoe konani, punguza besi, weka pazia zito. Nyumba nyingi za huku kuta za ndani hazifiki kwenye paa, kwa hiyo mvumo unapita juu mpaka kwa jirani mwenye mtoto mchanga.

Wakazi wa Shangani, Mikindani na ufukweni Lindi, hewa ya chumvi inakula shaba. Ncha za waya zikiwa za kijani, zikate, menya upya, kaza. Umeme ukikatika, chomoa. Usubiri urudi na utulie.

Siku ya kununua nenda na flashi yenye klipu ya majaribio ya 5.1, ile inayotaja jina la kila spika. Mwombe muuzaji aiwashe, weka sikio kwenye spika ya nyuma. Ukisikia ikitamka jina la spika ya katikati, rudisha kasha kwenye rafu.