Walitengeneza kompyuta ya gia badala ya kuniuzia gia boksi

Gari yangu ya otomatiki ilianza kugoma kubadili gia, taa ya injini inawaka halafu inang'ang'ania gia ya tatu hata ukanyage mafuta vipi, ukizima ukawasha inatulia kidogo kisha yaleyale. Fundi wa kwanza akasema gia boksi imekufa nunua nyingine, kirahisi tu hivyo! Hawa jamaa wa kompyuta za magari wao wakapima na mashine, ikatoa P0700, yaani namba ya hitilafu (kodi), na hiyo kodi mafundi wengi wanaishia hapohapo wakati yenyewe inakwambia tu kuna shida kwenye mfumo wa gia, lazima uingie kwenye kompyuta ya gia usome kodi zilizoko mle ndani.

Nilichopenda hawakukimbilia kuifungua hiyo kompyuta. Walianza na volti za betri, fyuzi, waya za ethi, wakachomoa soketi kuangalia kama oili ya gia imepenya humo au pini zina kutu. Ndo wakaifungua wakakuta lehemu zimepasuka, wakalehemu upya, na kwa vile ni kompyuta ileile ya gari programu yake ikabaki. Kompyuta ya mtumba mara nyingi inataka kuprogramiwa ilingane na gari, wengi hawaambiwi.

Ila simu hawapokei kabisa, na waliniachia gari bila kuifundisha kompyuta upya jinsi ya kubadili gia, basi ikawa inashtuka ikiingia ya pili mpaka nikairudisha. Saizi inabadili laini. Nyota nne.