Nimeuziwa kuni mbichi kwa bei ya kuni kavu: uzoefu wangu na muuza kuni wa hapa Maine, Marekani

Gogo limo ndani ya jiko, makaa mekundu yako chini yake, na badala ya kushika moto linatoa povu kwenye ncha zote mbili na kulia ssss mpaka makaa yenyewe yanazimika. Hizo ndizo kuni nilizoambiwa ni "kavu, zimekaa msimu mzima". Ndugu zangu mnaohamia Lewiston na Portland na kukuta nyumba ina jiko la kuni, someni hili kabla hamjampa mtu pesa.

Nililipia mwisho wa kiangazi, kordi mbili, pesa yote mbele. Kwa asiyejua, kordi moja ni rundo lililopangwa la futi 4 kwenda juu, futi 4 upana na futi 8 urefu, yaani futi za ujazo 128. Ujazo sina ugomvi nao, alileta kamili, nikubali hilo. Ugomvi ni maji. Zilizokuwa juu ya mzigo zilikuwa kuni nzuri kweli, nyepesi, ncha zake zimepasuka. Chini yake palikuwa mwaloni mtupu, mzito, gamba limeshikilia, ukipasua kati unanuka uchachu wa mti wa jana. Nilimpigia jioni ileile. Akasema zimenyeshewa njiani, zitakauka kabla ya Krismasi.

Huo ulikuwa uongo. Maji ya mvua hukaa juu juu, siku chache za jua na upepo zinayamaliza. Maji ya ndani ya mwaloni ni habari nyingine: ukishapasuliwa na kupangwa penye hewa unaweza kutaka hata miaka miwili. Kuni ya jiko inatakiwa iwe na unyevu usiozidi asilimia 20. Tulipata kale kakifaa ka kupimia unyevu, kenye pini mbili, tukapasua kipande katikati, tukachoma pini palipopasuliwa, namba ikapita 30. Mtu anayeishi kwa kuuza kuni hawezi kusema hajui tofauti hiyo.

Sasa sikilizeni Januari ilivyokuwa. Baridi ya hapa ingekuwa moja, mtu angeizoea. Shida ni kuyumba kwake. Wiki moja theluji inayeyuka, mvua inanyesha, nje kuna nyuzi 7 au 8 juu ya sifuri, watu wanatembea na koti wazi. Kisha upepo unageuka kutoka kaskazini na ndani ya siku moja mbili inashuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Bomba la moshi huvuta kwa sababu hewa ya ndani yake ni ya moto na ya nje ni ya baridi. Tofauti ikipungua, mvuto unapungua. Siku za mvua ile ya uvuguvugu bomba lilikuwa linavuta kwa shida, na kwa kuni kavu ungewasha moto mdogo wenye ndimi, bomba likapata joto, mambo yakaenda. Kwa mwaloni wake wa maji, joto lote liliishia kuchemsha maji. Moshi ukakosa nguvu ya kupanda, ukarudi sebuleni.

Kengele ya moshi ikalia usiku. Mwanangu wa mwisho ana pumu. Tulifungua madirisha yote katikati ya Januari, mtoto nimemfunika blanketi mbili anakohoa mapajani kwangu, dawa yake ya kuvuta mkononi. Siwezi kuandika zaidi ya hapo kuhusu usiku ule. Kisha baridi kali ikaingia, na jiko lililotakiwa kutuokoa likawa linatoa joto la kupasha mikono tu. Boila ya mafuta ikafanya kazi mfululizo. Nyumba nyingi Maine zinategemea mafuta, na mtu anatafuta kuni ili ile bili ipungue kidogo. Mimi nikalipa vyote viwili.

Nilimpigia asubuhi. Sikupiga kelele. Nilimweleza kipimo kimesema nini, mtoto amepatwa na nini, nikamwomba aje abadilishe zilizobaki. Akanisikiliza, halafu akasema: "Mama, kuni hazina tatizo. Nyinyi mnaotoka nchi za joto hamjui kuwasha jiko. Mwambie jirani akufundishe." Akakata simu.

Nchi za joto! Mimi ni mzaliwa wa Makete, milimani kusini mwa Tanzania. Mwezi wa sita na wa saba huko juu Kitulo majani yanaamka meupe kwa barafu, na nyumba yetu ilipashwa na moto wa kuni kutoka siku niliyozaliwa. Bibi yangu alikuwa anagonganisha vipande viwili: kikavu kinalia kang', kibichi kinajibu bu. Kuni za miwati nimebeba kichwani kabla sijajua kusoma. Kwetu mtoto akileta mbichi anarudishwa porini nazo, tena bila kufokewa, kwa kuwa anajua mwenyewe. Mtu huyu aliniuzia mti wenye maji, akamvutisha mwanangu moshi, kisha akanifundisha moto. Tangu siku ile nikiliona gari lake barabarani moyo unanienda mbio.

Na huyo jirani niliyeambiwa anifundishe? Ni mzee aliyepita ile dhoruba ya barafu ya Januari 1998, nguzo za umeme zilipoanguka na watu wengi wa jimbo hili wakakaa gizani, wengine kwa majuma. Anasema jiko la kuni ndilo lililomfikisha siku umeme uliporudi. Alikuja, akashika gogo moja, akalirudisha chini, akasema hili lingefaa kuchomwa mwaka wa kesho kutwa. Alinipa kuni zake za kutosha kuvuka zile siku mbaya. Jiko likawaka vizuri siku hiyohiyo, kwa mikono yangu hiihii isiyojua kuwasha.

Kwa hiyo wanaoniuliza kama jiko la kuni linafaa: linafaa. Nilikaribia kuandika kwamba msiliguse kabisa, lakini nisilionee.

Fundi wa kusafisha bomba alipokuja akatuonyesha ukuta wa ndani umepakwa weusi unaong'aa, mgumu, umegandana. Wanauita kreosoti. Moshi wa kuni mbichi unapanda ukiwa na mvuke mwingi, unakutana na bomba la baridi, unaganda. Siku moto mkali ukiushika, bomba zima linaungua na paa linafuata. Hebu fikirini: kuni hizo zisingetuua kwa moshi, zingetuua kwa moto. Kusafisha nimelipa mimi.

Kuna jambo moja la haki nataka kusema. Yule kijana wake anayeendesha tipa alikuja baadaye, peke yake, jioni, na mzigo wa kuni kavu za mti uitwao birch nyuma ya gari lake dogo. Akasema, "Samahani mama, nimesikia habari za mtoto." Hakutaka pesa. Nilipotaka kuanza kuandika haya, nilisema nitaongeza nyota kwa ajili yake. Nilikuwa nimeshafika kwenye mbili, hata tatu. Lakini kijana alitoa kuni zake mwenyewe, kwa mshahara wake mwenyewe, na kampuni haikutoa hata neno. Wema wake hauwezi kuhesabiwa kwao. Nyota ni moja, na moja hiyo ni kwa sababu hakuna sehemu ya kuweka sifuri.

Mkienda kununua, popote mtakapokwenda, pasueni kipande mbele ya muuzaji na mpime katikati, siyo juu ya gamba. Chukueni kipande kutoka chini ya mzigo. Akikasirika, ondokeni.

Mwaloni wake bado uko nyuma ya nyumba yangu. Aje auchukue, anirudishie pesa yangu na ya fundi, na akija amwombe radhi mwanangu kabla hajaniomba mimi.