Kengele ya hendibreki ya lori: nimekaa nayo miezi saba

Niliicheka kabla haijatoka kwenye boksi. Miaka kumi na tisa kwenye usukani, leo nikumbushwe hendibreki na kidude? Haukupita mwezi. Nimesimama getini, mlinzi ananiita, huku simu nayo inaita. Nikafungua mlango, mguu mmoja tayari uko kwenye ngazi, kengele ikapasuka. Kutazama, hendibreki sijavuta.

Chenyewe ni swichi ya mlango, swichi ya presha na spika, basi. Wenye magari ya breki za upepo mnajua kwamba upepo haubani hendibreki, unaiachia. Springi ndiyo inayobana. Swichi ya presha inaungwa kwenye bomba la springi hizo. Mlango ukifunguka na bomba bado lina upepo, kinalia. Hakijali mkono wa hendibreki umekaa wapi, na hilo nimelipenda, maana mkono unaweza kuonekana umevutwa kumbe haujanasa.

Kasoro zipo. Spika niliyoletewa ni dhaifu, injini ikiunguruma inamezwa, ikabidi niihamishie nyuma ya kiti. Tena kimeungwa mlango wa dereva tu. Ukishukia upande wa pili, kimya.

Ila wanaokinunua wakidhani kimemaliza habari ya kufunga na kufungua trela, hapo nina neno.

Zamani, kabla ya kidude hiki, nilirudi nyuma nikaingiza kichwa, yaani gari lenyewe linalovuta, chini ya trela, nikasikia kufuli linagonga, nikashuka. Hendibreki ya kichwa sikuvuta. Nilijiambia trela imeshikwa na breki zake, itatushika sote. Kumbe aliyeiacha pale hakuvuta kitufe cha kuegeshea cha trela, aling'oa tu mpira mwekundu, ule unaopeleka upepo kwenye trela, akaenda zake, ikabaki imeshikwa na breki za dharura, zile zinazojibana upepo huo ukikatika. Nikapanda katikati ya kichwa na trela, nikachomeka mpira mwekundu. Upepo ukaingia fyuuu, breki zikaachia, na chini ya buti zangu chuma kikaanza kutembea. Polepole, kama mtu anayenyata. Bahati mkono ulikuwa bado kwenye mpira. Nikaung'oa, trela ikakaza. Ningekuwa nimeshashuka chini ningekimbilia mlango, na kuna madereva waliobanwa wakikimbilia mlango hivyo hivyo.

Siku ile kifaa hiki kingelia nikiwa bado kwenye ngazi, kosa langu likaishia hapo. La mwenzangu kisingeliona, kwa sababu mambo ya trela hakiyajui. Kwa hiyo mimi hata kengele ikinyamaza nazunguka kwanza ubavuni, nahakikisha kitufe cha kuegeshea kimevutwa, ndipo naigusa mipira. Mwekundu ndio wa kuogopa. Wa pili, uwe wa njano au wa buluu kutegemea gari lilikotengenezwa, ni wa breki za kukanyaga. Na wakati wa kufungua navuta kitufe kile kile kabla sijashusha miguu ya trela. Kung'oa mpira si kuegesha. Trela za zamani zisizo na springi, upepo wa kwenye tangi ukivuja wote inabaki bure.

Kufuli la kingipini, ile pini ya chini ya trela inayonaswa na kichwa, nalo kidude hakina habari nalo. Hapo ni gia ndogo, unaivuta trela kidogo ikiwa bado imefungwa breki, kisha tochi. Usitosheke na kuvuta: pini ikiwa imekaa juu, inaweza kuvutika vizuri tu na isiwe imefungwa. Lala chini uangalie kama kufuli limekumbatia shingo ya pini, na kama kuna mwanga unaopita kati ya trela na sahani ya kichwa inayoibeba. Ukiuona mwanga, rudia.

Nyota nne. Nimeshaagiza kingine kwa gari la pili. Waya wa mlango wa abiria nitaongeza mwenyewe.