Mji Mkongwe: Samaki Mchana, Urojo Jioni

Zinapojadiliwa sehemu za kula za Mji Mkongwe wa Unguja, yaani mikahawa isiyo na makuu pamoja na meza za usiku za bustani ya Forodhani, aghalabu watu huulizana ipi nzuri na ipi mbaya, kisha hawaafikiani kwa sababu kila mmoja ana ushahidi wake. Kwa maoni yangu swali linalomfaa mlaji ni la saa. Jiko lile lile linalotoa samaki mtamu saa saba mchana huweza kutoa samaki aliyechoka saa tatu usiku, na uwanja ambao alasiri hauna cha kumtamanisha mtu hugeuka, baada ya sala ya magharibi, kuwa mahali pazuri pa kula urojo kuliko pengine popote ninapopajua. Tathmini hii inafuata saa hizo, na inawalenga zaidi wenyeji na wageni kutoka Bara wanaotaka kula vizuri kwa bei ya kawaida, wakiwa wamevaa kandambili zao, bila ya kutandikiwa vitambaa vya meza.

Nianze na samaki, kwa kuwa ndiye anayewavuta wengi na ndiye anayeharibika upesi. Vyombo vilivyokwenda kuvua usiku hurudi asubuhi, na samaki hunadiwa Malindi na Darajani, soko lililojengwa mwaka 1904 ambalo mpaka leo linaulisha mji. Wachuuzi na wapishi hununua mnadani, na kabla ya adhuhuri changu, tasi na kolekole waliokuwa baharini usiku uliopita wamekwisha kuingia jikoni. Kati ya hapo na saa nane mchana samaki wa mkahawa huwa katika hali yake bora, na kila saa inayopita baadaye, katika joto la Unguja, inamwondolea kitu. Msimu nao una neno lake: wakati wa kaskazi bahari hutulia na vyombo hufika mbali, nguru na jodari wakapatikana kwa wingi, ilhali kusi linapovuma kwa nguvu wavuvi wengi hubaki karibu na pwani, samaki wakubwa wakaadimika na bei ikapanda. Mlaji anayejua upepo wa mwezi huo hatashangaa kuambiwa kwamba nguru leo hakuna, na mpishi anayesema hivyo waziwazi anastahili kuaminiwa kuliko yule ambaye kwake nguru haadimiki mwaka mzima.

Mkahawa ninaoupa alama ya juu kwa mlo huo wa mchana ni Lukmaan, ulioko Mkunazini karibu na mbuyu mkubwa, si mbali na kanisa la Kianglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa. Utaratibu wake ni mwepesi: mlaji husogea mbele ya vyakula vilivyopangwa, akaona kwa macho yake kilichopikwa siku hiyo, akaonyesha anachokitaka na akapakuliwa. Namna hii ya kuuza ina heshima ndani yake, kwa sababu mpishi hawezi kujificha nyuma ya maneno mazuri ya orodha. Mchuzi ama umesimama vizuri ama haukusimama, na mteja anauona. Pilau, wali wa nazi, chapati, maharage, mchicha na samaki wa namna mbalimbali huwa mbele ya mtu kwa pamoja, na anayekula kwa mkono hatazamwi, sawa na anayeomba kijiko. Karani wa ofisini, dereva wa daladala, mwanafunzi na mtalii hukaa meza moja. Anayetaka kuchagua kwa raha na afike kabla ya saa saba, maana baada ya sala ya adhuhuri wateja huwa wengi.

Katika mikahawa ya namna hii kipimo changu ni samaki wa kupaka. Samaki huyo huchomwa kwanza juu ya makaa mpaka ngozi ikauke, kisha hupakwa tui zito lililochanganywa na thomu, tangawizi, pilipili na ndimu au ukwaju, akarudishwa kwenye moto, akapakwa tena, hata tui likashikamana na nyama na kuanza kuungua pembeni. Kazi hiyo inahitaji mtu asimame jikoni na asiondoke. Pale ambapo samaki amekaangwa kwa mafuta halafu akamwagiwa mchuzi wa nazi juu yake, chakula kinaweza kuwa kizuri kwa jina jingine, lakini jina la kupaka hakilistahili, na ninasikitika kuona jina hilo likizidi kutumiwa ovyo katika mbao za bei za mjini.

Pweza ana kalenda yake, ambayo ni ya mwezi na wala si ya jua. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa sana na mwamba ukabaki wazi, na hapo wanawake na wanaume wa vijiji kama Jambiani na Makunduchi hutembea mwambani wakimtafuta pweza katika mashimo yake. Siku hizo pweza hufika mjini kwa wingi akiwa mbichi. Maji yanapokuwa mafu, wanaofika mwambani ni wachache, na pweza wa mkahawani huenda ametoka kwenye jokofu. Ni haki kusema kwamba jokofu halimdhuru sana, kwani barafu humlainisha pweza kama yanavyofanya yale mapigo anayopigwa juu ya jiwe kabla ya kupikwa. Kinachomharibu ni kupikwa, kupoa na kupikwa tena, mpaka anakuwa mgumu na mkavu. Vijiji kadhaa, Kisiwa Panza huko Pemba kikiwemo, hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi fulani ili pweza wakue. Napenda mkahawa ambao mpishi wake anaweza kumwambia mteja pweza huyu ametoka wapi na amefika lini, maana anayejua hayo hununua kwa uangalifu.

Jioni mji mzima huelekea Forodhani. Bustani hiyo, iliyo mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, iliandaliwa mwaka 1936 kwa kuadhimisha miaka ishirini na mitano ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, na ilifanyiwa matengenezo makubwa na Aga Khan Trust for Culture yaliyokamilika mwaka 2009. Tangu wakati huo ina njia zinazopitika, taa, na mahali pa kukaa familia. Sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Disemba 2020, na mwenye kukaa pale na bakuli lake hawezi kuacha kulitazama jumba hilo; lakini watoto bado wanaruka baharini kutoka ukutani, wazee bado wanapunga upepo, na hakuna anayemlazimisha mtu kununua ndipo akae. Kwa mahali pa kula pa wazi hilo ni jambo kubwa.

Hapo sasa ndipo ninapotofautiana na waandishi wengi wanaoisifu Forodhani kwa mishkaki yake ya samaki. Meza zake hupendeza macho: kamba, ngisi, jodari, vipande vya pweza na miguu ya kaa hupangwa kwa ustadi chini ya taa. Tatizo ni kwamba katika baadhi ya meza vyakula hivyo huwa vimekwisha kuchomwa mapema, vikakaa katika hewa ya joto, kisha vikapashwa moto mteja anapochagua. Kwa kamba na ngisi hasara ni ya ladha, kwani hugeuka mpira. Kwa jodari, nguru na vibua hasara inaweza kuwa ya afya: samaki wa jamii hiyo wakiachwa bila barafu, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kemikali iitwayo histamini, ambayo haiondoki kwa kuchomwa wala kwa kuchemshwa. Aliyeila huweza kupata wekundu usoni, kuwashwa na kuumwa kichwa muda mfupi baadaye, na mara nyingine dalili ya kwanza ni ladha ya kuchomachoma ulimini mithili ya pilipili katika samaki asiyetiwa pilipili. Akihisi hivyo, mtu aache kula palepale.

Anayetaka samaki wa Forodhani kwa vyovyote vile na achague meza yenye samaki mbichi juu ya barafu na amsubiri achomwe mbele yake. Bei nayo iulizwe mwanzo. Muuzaji akisema, “Karibu shekhe, leo jodari wa asubuhi,” jibu la adabu ni, “Ahsante ami, mshikaki mmoja shilingi ngapi, na vyote hivi kwa jumla ni ngapi?” Wauzaji waungwana hawachukizwi na swali hilo, nao ni wengi. Natamani sana kila meza ingewekewa kibao cha bei kinachosomeka, bei moja kwa mwenyeji na mgeni, kwa sababu mashaka ya bei ndiyo yanayowafanya watu wa mjini wapite mbele ya meza za samaki bila ya kusimama, na meza iliyokimbiwa na wenyeji haina wa kuisahihisha.

Wenyeji husimama kwenye urojo, na hapo Forodhani inastahili sifa zote. Rojo lenyewe ni uji mwepesi wa unga uliotiwa manjano, ukapata uchachu wake kutoka kwa embe mbichi na ndimu; ndani yake hutiwa viazi vya kuchemsha, bajia za dengu, kachori, mshikaki, yai kwa anayetaka, halafu chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa vipande vyembamba vya muhogo vya kukaanga. Uzuri wa urojo uko katika mpangilio wa kumimina. Muuzaji hodari hutia rojo la moto kwanza, bajia baadaye, na muhogo mwisho, ili mlaji akutane na laini, kinachotafunika na kinachovunjika katika kijiko kimoja. Rojo likiwa zito mno hulemea, na likiwa jepesi mno huwa maji ya manjano. Linalofaa hushika mgongo wa kijiko kisha likateleza. Uchachu unapaswa kutangulia, ukali ufuate. Wapo wanaotumia ndimu peke yake wakati embe ni haba, na rojo hilo hunywika, ila hukosa ule mwili ambao embe hulipa. Urojo una faida nyingine ya saa: unachemka muda wote, bajia zinakaangwa kila mara, na wateja hawakatiki, hivyo hakuna kitu kinachokaa mpaka kikachacha. Omba upewe katika bakuli la kurudisha, si la kutupwa. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu mwaka 2006, na ni aibu vijiko na bakuli vya plastiki kuendelea kupeperuka kutoka bustanini hadi majini.

Juisi ya miwa huandamana na urojo. Muwa unapopitishwa kwenye mashine, kipande cha tangawizi na ndimu vikunjwe ndani yake wakati wa kukamua, si kuongezwa baadaye ndani ya gilasi, kwa kuwa ni mkandamizo huo unaotoa harufu ya ganda la ndimu. Inywewe hapohapo, kabla haijageuka rangi. Piza ya Zanzibar, ambayo ni unga mwembamba uliokunjiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai na kukaangwa juu ya bati, ina undugu zaidi na mutabbaq wa Waarabu kuliko na chakula cha Italia; ni nzuri ikiwa ya nyama na yai. Ile ya chokoleti na ndizi naiacha kwa watoto, ambao wameipenda kweli.

Baada ya hapo ni kahawa, na kwa kahawa natembea hadi Sokomuhogo, kwenye kona ijulikanayo kama Jaws Corner. Kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele katika vikombe vidogo, watu wakiwa wamekaa barazani wakicheza dhumna na kubishana juu ya siasa na mpira. Kipande cha kashata au halua kinatosha kuipoza.

Nje ya mji sina mengi ya kusema. Mabanda ya pwani ya Jambiani na Paje hupika vizuri, lakini mengi huanza kupika baada ya mteja kuagiza, na samaki huenda akatafutwa wakati huo huo. Agiza kwanza, kisha nenda ukaogelee.

Mwezi wa Ramadhani ratiba yote hii hupinduka. Mikahawa ya wenyeji hufungwa mchana, na mgeni asiyefunga anapaswa kujizuia kula hadharani. Darajani ndiko kunakochangamka kuanzia alasiri, kwa tende, samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina, kaimati na sambusa, huku nyumba nyingi zikipika muhogo na ndizi za nazi. Msafiri asiye na jamaa wa kumfuturisha anunue samaki wake hapo, akiwa bado wa moto, afuturu naye, na urojo wa Forodhani auweke mpaka watu watoke tarawehe, maana hapo ndipo meza zinapojaa na mafuta ya bajia yanapobadilishwa.