Mkwaruzo uliojificha kwenye sauti ya chini: uzoefu wangu na amplifaya ya hedifoni ya kujiundia

Seti niliyonunua ina ubao, chipu ya kukuza sauti ya NE5532 na transista za BD139 na BD140 za kusukuma hedifoni, jozi moja kila upande. Kuiunganisha kulinichukua jioni moja. Ubao ni imara, matundu yamekaa sawa, na haivumi hata kidogo. Hapo sina lawama.

Shida niliiona nilipopunguza sauti. Muziki mzito ulipita vizuri, lakini noti ya piano ikianza kufifia, mkia wake uliparuza kama mchanga juu ya kioo. Nikakimbilia kubadilisha chipu, mara mbili, bila faida yoyote. Ningetega sikio vizuri ningejua mapema: amplifaya iliyozidiwa hukwaruza ukiongeza sauti. Inayokwaruza ukipunguza ina kasoro pale transista moja, inayobeba nusu ya juu ya wimbi la sauti, inapoipokeza nyingine nusu ya chini.

Nikaweka ncha za mita kwenye rezista ya emita (mguu wa transista unaotoa sauti kwenda hedifoni), omu 4.7. Milivolti 2 tu, yaani kama miliampea 0.4 za mkondo unaopita bila muziki. Transista zilikuwa karibu zimelala! Tena mrejesho, yaani sauti inayorudishwa kwa chipu ili ijisahihishe, ulichukuliwa kwenye mguu wa chipu, kabla ya transista, kwa hiyo chipu haikuwa na habari ya uchafu unaoongezwa mbele yake. Hili la pili ndilo lililoniudhi, maana ni kosa la mchoro, si la kifaa.

Nilikata njia ya shaba, nikavuta waya wa mrejesho kutoka baada ya rezista za emita. Kisha nikaunga rezista ya kurekebisha ya omu 500 kwa mfululizo na dayodi zinazoziwekea transista volti ya kuziamsha, nikaanzia sifuri na kuizungusha polepole hadi mita ikasoma milivolti 70, takriban miliampea 15. Dayodi nilizigusisha na transista ili zipate joto pamoja. Zikiwa mbali, transista zikipata moto mkondo unazidi kupanda. Kwa hedifoni za omu 32, transista zote mbili sasa hubaki macho hadi kilele cha miliampea 30, kama miliwati 14. Mimi sifiki huko.

Ukuzaji nao niliushusha kutoka mara 11 hadi mara 3, kwa sababu simu na kompyuta hazihitaji zaidi.

Nilipima kwa kadi ya sauti ya kompyuta, toni ya hezi 1,000, rezista ya omu 32 ikikaa mahali pa hedifoni. Upotoshaji ulikuwa asilimia 1.1 kwenye sauti ya chini. Sasa ni 0.006. Piano inafifia safi hadi kimya.

Kama unajua kulehemu na una mita, inunue, vifaa vyake ni vizuri. Kama hujawahi kukata njia ya shaba kwenye ubao, subiri wautoe ukiwa umesahihishwa. Muuzaji nimemtumia picha na vipimo vyangu vyote, bado nasubiri jibu.